Filamu ikifungiwa Uganda, nani hasa ana uwezo wa kuifungulia?

#1 Kalamu ya Ntinda
Salaam wakuu. Swali langu ni la sheria na utekelezaji. Mwenye hoja za maadili, nyuzi zake zipo tele humu.

Baraza la Vyombo vya Habari likiikataa filamu hapa Uganda, ni nani mwenye uwezo wa kuifungulia? Majirani zetu wana mfano unaotajwa kila siku. Filamu iitwayo Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilifungiwa Kenya Aprili 2018, na Septemba 21 mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany akaondoa marufuku, watu wakajaa ukumbini Nairobi. Na hadithi iliyoizaa filamu ile ni ya kwetu: Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007.

Dai langu ni hili: Uganda marufuku haiondolewi. Inaachwa mpaka watu wanaisahau. Nipingeni.

#2 Binti Busia
Nimeshaweka kiti. Uzi huu nafuatilia.

#3 Wakili Mtaani
Kalamu, tuanze kwa kurekebisha Nairobi. Jaji Okwany hakuiondoa marufuku, aliisimamisha kwa siku 7, tena kwa watu wazima tu. Sababu ya siku 7 ni kanuni ya Oscar ya wakati huo: filamu inayowakilisha nchi ilitakiwa iwe imeonyeshwa sinema ya nchi hiyo siku 7 mfululizo. Siku zilipokwisha, marufuku ikarudi palepale. Aprili 2020 Jaji James Makau akalikataa ombi lenyewe, walalamikaji wakakata rufaa. Na huko Oscar Kenya iliipeleka filamu ya Supa Modo, si Rafiki.

Kwa Uganda, Baraza linapata nguvu zake kwenye Sheria ya Wanahabari ya 1995. Kati ya kazi zake imeandikwa wazi: kukagua na kuzuia filamu, kanda za video na michezo ya jukwaani inayokusudiwa hadhira ya umma. Kwa hiyo milango ni mitatu. Baraza lenyewe linaweza kubadili uamuzi. Mahakama Kuu inaweza kuufuta kwa mapitio ya kimahakama. Na kama tatizo ni sheria yenyewe, unakwenda Mahakama ya Katiba chini ya ibara ya 137.

Waziri simhesabu. Waziri anaweza kuongea redioni, lakini barua ni ya Baraza.

#4 Kibanda Kawempe
Wakili umeiruka Tume ya Mawasiliano (UCC). Mwenye kibanda cha video hapati leseni kwa Baraza. Leseni ya ukumbi wa sinema, kibanda na hata maktaba ya video inatoka UCC kwa Sheria ya Mawasiliano ya 2013. Halafu kuna leseni ya biashara ya KCCA, mamlaka ya jiji, ukiwa Kampala, na ukiwa nje ya Kampala ni ya halmashauri yako. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) naye lazima awe anakujua, la sivyo kelele za spika zitakufikisha polisi kabla filamu haijakufikisha.

Kwa hiyo Baraza likisema ndiyo, hiyo ndiyo ni ya filamu. Ukumbi una ndiyo yake. Wengi wanakamatwa hapo katikati: filamu safi, kibanda hakina karatasi. Au kinyume chake.

#5 Mzee wa Arua
Nyinyi mnaanzia 2018. Rudini nyuma. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitengeneza filamu kuhusu Idi Amin, Amin mwenyewe akiwa ndani yake anajieleza. Ilipotoka Ulaya, Amin akapata habari ya vipande asivyovipenda, akadai vikatwe. Schroeder akakataa. Basi Wafaransa waliokuwa Uganda wakakusanywa hotelini, na Schroeder akaambiwa ukipenda wapigie simu uwaulize. Alikata dakika mbili na nusu. Amin alipoangushwa 1979, zikarudishwa.

Kalamu, hiyo hapo ni marufuku iliyoondolewa. Na aliyeiondoa hakuwa jaji wala waziri.

#6 Tanga Raha
Mzee wa Arua leo umeingia na silaha nzito 😂

#7 Fundi Projekta
Kwa faida ya vijana: dakika mbili na nusu kwenye kopi ya milimita 35 ni futi 225, yaani karibu mita 69 za filamu. Dakika moja ni futi 90. Siku zile kipande kilikatwa kwa mkasi wa kuungia palepale chumba cha projekta, kikaviringishwa na kuwekwa kwenye kopo. Siku ya kurudisha, unafungua kiungo na kukibandika. Kila kiungo kinakula fremu moja au mbili, kwa hiyo kopi iliyokatwa na kurudishwa mara nyingi unaiona inaruka. Kilichoziokoa filamu nyingi ni kwamba hasi ya asili, ile inayotolewa kopi, ilikuwa maabara nchi nyingine. Mkaguzi wa hapa alikata kopi, hakuigusa filamu.

Sasa hivi hali ni tofauti kabisa. Nitarudi.

#8 Mhariri 256
Namuunga mkono Kalamu, ila kwa sababu tofauti na yake. Haziondolewi kwa sababu ya muda.

Angalia ya Juni 2017. Filamu ya Kiholanzi De Eetclub, ya mwaka 2010, ilipangwa kwenye tamasha la filamu za Ulaya Kampala. Baraza likaikataa, sababu kubwa ikiwa kwamba inatukuza mapenzi ya jinsia moja. Ubalozi wa Uholanzi ukajitoa kwenye tamasha. Sasa niambie, ubalozi ungekwenda mahakamani kutafuta nini? Tamasha ni la siku chache. Ukipata hukumu baada ya miezi 8, skrini imeshakunjwa. Filamu ya tamasha haina tarehe nyingine ya kusubiri.

Vagina Monologues ni vilevile, Februari 2005. Baraza lilisema sehemu kadhaa ziondolewe ndipo mchezo uchezwe. Waandaaji wakaona kilichobaki hakitakuwa mchezo, wakaacha. Hapo hata marufuku kamili hakuna: kuna masharti, na kuna watu waliokataa masharti. Utaondoa nini?

#9 Ssalongo wa Masaka
Mimi naona mnalizunguka jambo. Baraza linafanya kazi ambayo lilipewa na Bunge. Filamu ikikataliwa, mwenye filamu akate sehemu zilizotajwa, arudishe, apewe ruhusa. Kukata ndiko kufungulia. Ndivyo inavyofanyika na hakuna anayeandika habari zake kwa sababu hakuna ugomvi.

#10 Kalamu ya Ntinda
@Ssalongo wa Masaka hilo la kukata nalikubali nusu. Filamu ikirudi bila dakika 6, iliyofunguliwa ni filamu nyingine. Ile ya kwanza bado imefungwa.

#11 Fundi Projekta
Nimerudi. Ssalongo anasema "akate arudishe" kama vile ni kupunguza shati kwa fundi. Ngoja niwaonyeshe kazi ilivyo kwa sinema za leo.

Filamu inakuja kama DCP. Hiyo ni folda: picha za JPEG 2000 ndani ya faili za MXF, sauti isiyobanwa kwenye faili nyingine, na orodha ya uchezaji inayoitwa CPL inayoiambia seva ianze faili gani, kwenye fremu ipi, ichukue fremu ngapi. Filamu za kampuni kubwa zimefungwa kwa msimbo wa siri, AES ya biti 128. Ukumbi unapewa ufunguo, KDM, faili ndogo ya XML inayokuja kwa barua pepe. Ufunguo huo ni wa CPL moja, kwa seva moja, kwa dirisha moja la muda.

Sasa Baraza linasema ondoa tukio fulani. Kiufundi huhitaji hata kugusa picha: unatengeneza CPL mpya inayoruka zile fremu. Lakini CPL mpya ina namba mpya ya utambulisho, na ufunguo wa zamani hauijui. Kwa hiyo mtu wa projekta Kampala hawezi kukata lolote kwenye filamu iliyofungwa, hata akitaka. Lazima ombi liende kwa msambazaji, msambazaji aombe kwa mwenye filamu, mwenye filamu aruhusu, maabara itengeneze toleo, funguo zitolewe upya kwa kila seva. Kampuni nyingine haziruhusu toleo la kukatwa kwa soko dogo. Hapo mazungumzo yameisha, na marufuku imekamilika bila Baraza kusema neno "marufuku".

Sauti nayo ina mambo yake. Fremu 24 kwa sekunde, sampuli 48,000 kwa sekunde, maana yake sampuli 2,000 kwa kila fremu. Ukikata katikati ya muziki, mtazamaji anasikia mruko hata kama picha imekaa sawa. Ndiyo maana wenye akili hukata kwenye badiliko la tukio, au wanaacha picha na kuzima maneno tu kwa faili mbadala ya sauti. Kuzima maneno ni rahisi mara kumi kuliko kukata picha.

#12 Binti Busia
Swali kwa @Fundi Projekta: na kama Baraza limeruhusu filamu nzima bila kukata, baada ya kuizuia wiki kadhaa? Si inawashwa tu?

#13 Fundi Projekta
Haiwashwi. Dirisha la ufunguo limeshapita. Ufunguo mpya unaombwa, na hapo ndipo makosa hutokea.

La kwanza ni saa. Ufunguo mara nyingi huandikwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, na Uganda iko mbele saa 3. Ukiandikiwa mwisho tarehe 14 saa 17:00 UTC, Kampala ni saa 2 usiku. Onyesho la saa 3 usiku siku hiyo halichezi. Watu wamekata tiketi, skrini nyeusi.

La pili, cheti cha seva. Kama tangu filamu izuiwe ukumbi umebadilisha kifaa cha kufungulia picha ndani ya seva, cheti kimebadilika. Msambazaji anatuma ufunguo kwa cheti cha zamani na seva inaukataa. Kabla ya kuomba, toa cheti kipya kwenye seva na ukitume pamoja na ombi.

La tatu, filamu yenyewe ilishafutwa kwenye seva ili kupisha nyingine. Diski irudi, ipakiwe upya, ikaguliwe. Usipakie saa moja kabla ya onyesho. Pakia siku moja kabla, kisha cheza dakika 5 za mwanzo na 5 za mwisho.

#14 Nairobi Mashariki
Hapa Fundi amegusa kitu ambacho watu wa Kampala hawakipendi kukisikia. Kampala ina skrini chache. Msambazaji wa filamu kubwa analihesabu eneo lote kama soko moja. Nairobi ikikatalia, hesabu ya kuleta toleo kwa ajili ya Kampala peke yake hailipi. Kenya walizuia The Wolf of Wall Street Januari 2014, na Fifty Shades of Grey Februari 2015. Kwa maoni yangu mwangwi wa uamuzi wa Nairobi unaamua mengi Kampala kuliko barua za Baraza lenu.

#15 Kibanda Kawempe
@Nairobi Mashariki hiyo ni kwa sinema za kwenye majengo ya kioo. Sisi wa Kawempe, Katwe, Kisenyi hatujawahi kumsubiri msambazaji wa Nairobi. Usituhesabu kwenye soko lenu 😂

#16 Nairobi Mashariki
Ndiyo maana polisi wanawahesabu.

#17 Wakili Mtaani
Turudi kwenye swali la #1 kabla hamjahamia Kawempe moja kwa moja. Niweke hatua kwa anayetaka kupigania filamu iliyokataliwa.

Kwanza pata uamuzi kwa maandishi. Simu na "tumeshauriana" havifiki mahakamani. Wakikataa kuandika, andika wewe ukiuliza uamuzi na sababu zake, peleka kopi mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukinyimwa, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, ambayo inampa ofisa siku 21 za kujibu.

Pili, omba wapitie tena uamuzi. Usiruke hatua hii. Tangu kanuni za mapitio ya kimahakama ziliporekebishwa mwaka 2019, Mahakama Kuu inaangalia kama umemaliza njia zilizopo ndani ya taasisi. Mashauri mengi yanaangukia hapo kabla hata hoja hazijasikilizwa.

Tatu, miezi 3. Ombi la mapitio lazima lifunguliwe ndani ya miezi 3 tangu sababu ilipotokea. Watu wanazungushwa ofisini kwa maneno matamu "njoo wiki ijayo", na wiki ijayo zikifika 13 mlango umefungwa. Barua za kuomba kupitiwa upya ziwe na tarehe ya mwisho uliyoiweka wewe.

Nne, ujue unachoomba. Kwenye mapitio jaji haamui kama filamu ni nzuri. Anaangalia kama Baraza lilikuwa na mamlaka, kama lilifuata utaratibu na kukusikiliza, kama uamuzi una mantiki. Ibara ya 42 ya Katiba inakupa haki ya kutendewa kwa haki na ofisi ya utawala; ibara ya 29 ni uhuru wa kujieleza; na ya 43 ni mipaka yake. Ukishinda, mara nyingi uamuzi unafutwa na jambo linarudishwa kwa Baraza lilelile liamue upya. Linaweza kukataa tena, safari hii kwa utaratibu mzuri.

Tano, kwenye hati hiyohiyo omba amri ya muda. Alichofanya Okwany ni hicho. Mwenye filamu yenye tarehe hana faida na hukumu isiyo na amri ya muda.

#18 Mhariri 256
Hatua zako nzuri Wakili, lakini ushindi mahakamani nao una kasoro. Mwaka 2012 mchezo wa The River and the Mountain ulichezwa kwenye kumbi ndogo Kampala wakati Baraza limeagiza usichezwe kabla ya kukaguliwa. Mtayarishaji, Mwingereza, akashtakiwa kwa kutotii amri halali. Januari 2013 kesi ikatupwa. Februari akafukuzwa nchini. Karatasi ya mahakama alikuwa nayo mfukoni.

#19 Wakili Mtaani
Usichanganye. Ile haikuwa kesi ya mchezo, ilikuwa ya jinai dhidi ya mtu mmoja. Kutupwa kwake hakukugusa amri ya Baraza hata kidogo. Hakuna aliyeomba amri ifutwe. Ndiyo ninayosema: watu wanapigana kwenye mlango usio wao.

#20 Ssalongo wa Masaka
Na mnasahau kwamba hata Baraza likifungulia filamu yenye maudhui ya mapenzi ya jinsia moja, sheria dhidi ya ushoga ya Mei 2023 ipo. Kifungu cha 11 cha uenezaji kina kifungo hadi miaka 20, na kwa kampuni faini ya hadi shilingi bilioni 1. Mahakama ya Katiba iliipitia Aprili 3, 2024, sheria kwa sehemu kubwa ikabaki. Mwenye ukumbi gani atatundika bango?

#21 Wakili Mtaani
Hapo Ssalongo umesema kweli, nikuongezee. Vifungu vilivyofutwa siku ile ni vinne, na miongoni mwake ni vile vilivyomgusa mwenye jengo anayelikodisha. Mwenye ukumbi anayeonyesha mwenyewe hajapona kwa hilo. Kwa hiyo kwa aina hiyo ya filamu, ruhusa ya Baraza ingekuwa karatasi isiyomlinda mtu na mwendesha mashtaka.

Lakini kumbuka si kila filamu inayokataliwa ni ya aina hiyo. Kuna siasa, kuna damu, kuna dini. Tusifanye uzi mzima uwe wa kosa moja.

#22 Kalamu ya Ntinda
Ahsante, maana nilikuwa naona uzi unanitoroka. Swali la nyongeza kwa Wakili: na ile sheria ya ponografia ya 2014? Nilidhani ndiyo iliyokuwa inatumika kufungia video za muziki.

#23 Wakili Mtaani
Ilitumika, ndiyo. Ombi la kuipinga lilifunguliwa 2014, Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu Agosti 16, 2021, vifungu vya msingi vikafutwa. Miaka 7. Msanii aliyetoa video 2014 na kusubiri hukumu, wimbo wake umeshakuwa wa zilipendwa.

Ila usiseme Mahakama ya Katiba daima ni kobe. Sheria ya kwanza dhidi ya ushoga ilisainiwa Februari 24, 2014 na kufutwa Agosti 1 mwaka huohuo, kwa sababu akidi ya Bunge haikutimia. Hawakufika hata kwenye maudhui. Kwa anayetafuta kasi, hoja ya utaratibu inakimbia kuliko hoja ya haki. Na kwa anayetafuta msingi wa haki, msingi ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Februari 2004, Onyango Obbo na Mwenda, iliyofuta kosa la kuchapisha habari za uongo. Kila ombi la uhuru wa kujieleza linaanzia hapo.

Kitu kingine kwa wanaonukuu namba za sura za sheria: tangu Julai 1, 2024 linatumika toleo jipya la sheria za Uganda, na namba nyingi za sura na vifungu zimehama. Ukinukuu ya zamani kwenye barua, mpokeaji atakurudishia barua kwa sababu hiyo tu.

#24 Mzee wa Arua
Wakili unafundisha bure, kesho wateja watakukimbia.

#25 Tanga Raha
Wenzetu mna mambo. Huku kwetu Bodi ya Filamu iko wazi, unajua mlango wa kugonga. Tena mwaka 2019 sheria ikabadilishwa, mgeni akija kupiga filamu Tanzania anatakiwa kuwasilisha hata picha ghafi. Huko kwenu naona Baraza, Tume, KCCA, polisi, LC1. Filamu ikipita kote huko itakuwa imechakaa.

Lakini kwenye vibanda umiza hatuwazidi. Sisi tulikuwa na Lufufu akitutafsiria filamu, nyinyi mna vijei (VJ), watafsiri wenu, kila mtaa.

#26 Kibanda Kawempe
Hapo sasa. Tangu #1 mnaongea kama vile filamu Uganda inaangaliwa Acacia Mall. Watu wengi wanaiangalia ikiwa imetafsiriwa na vijei, VJ Jingo, VJ Junior na wenzao, kwa flashi kutoka maktaba ya mtaani. Nani alipiga muhuri toleo la vijei? Filamu iliyokaguliwa Kiingereza na ile inayosikika kibandani ni vitu viwili. Vijei anaweza kuitia matusi filamu ya watoto. Na anaweza kulipita tukio zito kwa kuongelea bei ya muhogo mpaka liishe.

Kwa hiyo jibu langu kwa Kalamu: anayefunga na kufungulia Uganda ni vijei.

#27 Ssalongo wa Masaka
😂😂 Baraza la Vijei.

#28 Mhariri 256
Mnacheka, lakini kisheria Kibanda Kawempe amegusa tundu halisi. Ruhusa hutolewa kwa filamu kama ilivyowasilishwa. Sauti ya vijei ni maudhui mapya. Mkaguzi akitaka kuwa mkali, kila toleo la vijei lilipaswa kupelekwa peke yake. Haiwezekani kwa wingi wake, basi wanawashughulikia wenye vibanda: watoto ndani saa za shule, kelele, leseni imeisha. Ukaguzi wa filamu umegeuka ukaguzi wa benchi na mlango.

#29 Binti Busia
Na wa Netflix je? Imeingia Uganda tangu Januari 2016. Filamu iliyokataliwa tamashani naiangalia simuni nikiwa Busia. Marufuku imebaki ya nini?

#30 Nairobi Mashariki
Imebaki ya kukusanyika. Serikali zetu zote tatu haziogopi mtu mmoja na simu yake, zinaogopa watu 200 gizani wanaopiga makofi pamoja. Soma sheria: "hadhira ya umma".

#31 Kalamu ya Ntinda
Hiyo hoja ya #30 siinunui moja kwa moja. Mtandaoni nako wamefika: Tume ilishawataka wenye kuchapisha video na habari mtandaoni wajisajili na kulipa dola 20. Na mwaka 2018 kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, ikaja kubadilishwa 2021 kuwa asilimia 12 kwenye data. Data ikiwa ghali, flashi ya maktaba inashinda Netflix. Hakuna aliyekagua flashi.

#32 Fundi Projekta
Kwa kuwa mmefika kwenye flashi: kuna wenye maktaba wanaotaka kuwa waangalifu, wanakata wenyewe tukio kwenye faili ya MP4, kisha wateja wanarudisha flashi wakilalamika. Kosa ni moja siku zote. Wanakata bila kusimba upya ili iende haraka. Faili kama hiyo ikiwa imesimbwa kwa H.264 haina picha kamili kila fremu. Picha kamili zinakuja kwa nafasi, na programu nyingi za kusimba zimewekwa hadi fremu 250, yaani kama sekunde 10. Ukianzisha kipande katikati ya nafasi hiyo, unapata rangi ya kijivu na miraba mpaka picha kamili ijayo, au midomo inatangulia sauti filamu nzima.

Mawili: ama ukate kwenye picha kamili tu, ukubali kupoteza sekunde kadhaa za pembeni, ama usimbe upya filamu yote na usubiri. Na kama ni toleo la vijei, sauti yake imeshachanganywa na ya filamu. Huwezi kutoa neno lake moja ukaacha muziki. Unazima vyote.

#33 Mzee wa Arua
Wakati wa Amin angekukamata kwa maelezo haya.

#34 Mhariri 256
Mfano mmoja wa nje, kwa sababu naona wote mnafikiri marufuku lazima iitwe marufuku. Afrika Kusini 2018, filamu ya Inxeba. Haikupigwa marufuku. Februari jopo la rufaa la bodi yao liliipandisha daraja hadi X18, daraja ambalo sinema za kawaida haziruhusiwi kulionyesha. Machi 6 Mahakama Kuu Pretoria ikairudisha kwa muda kwenye 18, na Juni uamuzi wa jopo ukafutwa. Wiki tatu tu kutoka kufungwa hadi kuwaka tena. Waliweza kwa sababu filamu ilikuwa tayari kwenye kumbi, diski zipo, funguo zipo. De Eetclub hapa ilikuwa na onyesho la tamasha tu.

#35 Kalamu ya Ntinda
Basi hoja yako ya muda (#8) na ya Fundi (#13) ni moja: filamu ambayo haijaingia ukumbini haina wa kuipigania. Lakini Ssalongo anasema zinafunguliwa kimyakimya kwa kukatwa, Wakili anasema hakuna anayegonga mlango sahihi, Nairobi anasema uamuzi unafanyika kwake, na Kawempe anasema hatuhusiki. Mnataka nichague?

#36 Wakili Mtaani
Usichague. Tafuta mtayarishaji mwenye barua ya kukataliwa isiyozidi miezi 3, umlete hapa.

#37 Ssalongo wa Masaka
Na mwenye barua ya kuruhusiwa baada ya kukata aje pia. Wapo, hawapendi kusema kwamba walikata.

#38 Binti Busia
@Fundi Projekta kabla hujaondoka: mtu akipata hiyo amri ya muda ya siku 7, aombe ufunguo wa siku 7?

#39 Fundi Projekta
Hapana. Omba wa siku 9 au 10, uanze angalau siku mbili kabla ya onyesho la kwanza ili ujaribu. Amri ya mahakama inahesabu siku za kuonyesha watu, haihesabu siku za fundi kupima sauti ukumbi ukiwa mtupu. Na mwambie msambazaji aandike saa za Kampala kwenye barua pepe pembeni ya zile za UTC.